Orodha Ambayo Bi Zainabu Hakuisoma

Mlipokata keki ile ya kuniaga nikistaafu, meneja wenu alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi faili yangu haikupata doa hata moja. Mkapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa nikijiuliza ni wangapi kati yenu wangeendelea kupiga makofi kama wangejua kwamba faili hiyo ilibaki safi kwa sababu uchafu wake alimwagiwa mtu mwingine.

Siku chache baadaye mmoja wenu akanipigia simu. "Mzee, si utuandikie tu zile story za kitambo, za time ya disketi. Huku hakuna mtu wa kutushow." Nimekubali, na nayaandika haya ghorofa ya tano huku Pipeline, mahali ambapo enzi ninazozisimulia palikuwa na nyasi na mawe tu. Lakini mkitaka kicheko mtakipata mwanzoni, tena kidogo. Vyeo sitavitaja. Vilikuja, na mtaona vilikuja wakati gani.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na shirika lililokuwa na zahanati saba huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kutoka Buruburu hadi ukingo wa bonde la Mathare. Shirika hilo halipo tena, na jina lake nitaliacha lipumzike. Wafadhili walikuwa wametupa kompyuta. Kila zahanati ilipata seva yake moja ya kuweka rejista ya wagonjwa, na skrini mbili, ya karani na ya sista. Seva hizo hazikuunganishwa. Nyinyi leo mnaketi mahali pamoja, mnabonyeza, jambo linatendeka kwenye mashine mia. Sisi tuliibeba kazi mkononi. Kama kulikuwa na kitu cha kufanywa mara moja tu ndani ya rejista, kwa mfano kubadilisha namba za mtaa mzima au kuondoa mistari mibovu, programu ndogo iliandikwa, ikatiwa kwenye disketi, na fundi akaenda nayo kutoka zahanati moja hadi nyingine kwa siku kadhaa. Tuliziita kazi za mara moja.

Fundi aliyenipokea aliitwa Oduor. Alikuwa mtu mrefu, mkimya mbele ya wakubwa, mwenye maneno mengi akibaki na sisi wadogo. Siku ya kwanza nilikuja nimevaa tai. Alinitazama, akanipa ufagio. Seva ya Kaloleni ilikuwa imewekwa katika chumba kilichokuwa jiko zamani, sinki la kuoshea vyombo bado liko ukutani, na vumbi lilikuwa limetanda hadi ndani ya mashine. Nilifagia vyumba vya seva wiki nzima kabla ya kuruhusiwa kugusa kibodi. Pale pale Kaloleni mlinzi alikuwa na desturi ya kuweka mkebe wake wa githeri juu ya seva ili usipoe. Oduor hakumfokea. Alimweleza kwa upole kwamba umeme wa mashine ile hupanda kwenye chakula na kumfuata mtu hadi tumboni. Tangu siku hiyo mlinzi aliipita seva kwa mbali. Ulikuwa uongo mtupu, lakini hatukupata mchuzi ndani ya mashine.

Disketi zake Oduor alizihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, na tepu za nakala alizifunga kwa kipande cha leso kuukuu cha mama yake. Alipokubali hatimaye nichape amri yangu ya kwanza, alinilazimisha niiandike kwanza kwenye karatasi, kisha niisome kwa sauti mbele yake kama mtoto wa darasa la pili. Nilimwuliza kwa nini. "Hii mashine ni kama kanjo," akasema. "Ukiiambia ibebe, inabeba. Haiulizi hii meza ni ya nani." Nyinyi mnaowajua askari wa jiji na jinsi wanavyopakia mboga za akina mama kwenye lori hamhitaji maelezo zaidi.

Utaratibu wake ulikuwa huu, na nauandika kwa sababu ndio kiini cha habari yangu. Huigusi seva kabla ya kunakili rejista yake kwenye tepu, na ukishanakili, unaisoma tepu yenyewe kuhakikisha kilichomo kinasomeka. Kisha unaiendesha programu kwa namna ambayo haibadilishi chochote: inachapa tu orodha ya mistari ambayo ingeigusa. Orodha hiyo hupewa karani wa zahanati ile ile, maana, alivyosema Oduor, wewe unaijua mashine lakini karani ndiye anayewajua watu. Karani anaisoma mstari kwa mstari, ndipo anatia sahihi kwenye daftari. Kila seva ilikuwa na daftari lake la jalada gumu, limefungwa kamba na kuning'inia kwenye msumari ukutani. Ndani yake uliandika kazi gani inafanywa, tepu gani ina nakala, nani ameisoma orodha. Uliandika kabla ya kuanza. Na seva moja ilipewa siku yake. Hukuikimbilia nyingine kwa sababu ya kwanza imekubali.

Mimi niliona ni ushirikina wa mtu mzima. Nilikuwa kijana, nimesoma chuo, na kungoja karani amalize kusoma kurasa kumi huku anahudumia foleni kulinichosha roho. Lakini siku moja huko Makadara tuliendesha kazi ya kuwaondoa marehemu kwenye rejista. Karani akaanza kusoma orodha, akasimamisha kidole kwenye jina la tatu. Kisha akachungulia dirishani na kumwuliza mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi na kikohozi chake kama anaitwa fulani. Mzee akaitika. Ndiye aliyekuwa wa tatu kwenye orodha yetu ya wafu. Oduor alinitazama tu, na kwa miezi kadhaa baada ya hapo nilikuwa mtu wa utaratibu.

Sasa niwaambie kuhusu Bi Zainabu. Alikuwa karani wa zahanati ya ukingoni mwa Mathare, mzaliwa wa Pumwani, mjukuu wa watu wa pwani, mama wa makamo mwenye buibui na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kila mtu alimwita Bi, na kila mtu kwake alikuwa mwanangu, hata mkurugenzi. Kwa miaka mingi aliandika rejista ya wagonjwa kwa mkono wake katika vitabu vikubwa. Kompyuta ilipokuja aliiogopa waziwazi. Alikuwa akinawa mikono kabla ya kuigusa kibodi, na akikosea herufi aliitaka radhi mashine. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilikwenda kila Jumanne na Alhamisi kwa miezi mitatu, akawa ananiwekea kaimati kwenye sahani iliyofunikwa, na mwisho wa miezi hiyo alikuwa akichapa haraka kuliko sista. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyoifanya vizuri.

Katikati ya miaka ya tisini Oduor alipata kazi Kisumu. Aliniachia mkebe wa biskuti, tepu mbili na leso ya mama yake, nami nikawa ndiye fundi. Muda si muda tukaletewa mkurugenzi mpya, mtu wa suti na haraka. Wafadhili walikuwa wamemwambia kwamba wagonjwa wetu ni wengi mno kwenye rejista kuliko wanavyoonekana mlangoni. Walisema kweli. Kwetu mtu akipoteza kadi ya zahanati alikaripiwa sana, kwa hiyo wengi waliona heri wajifanye wageni na kuandikwa upya. Mtu mmoja alikuwa na mistari miwili, wengine mitatu. Mkurugenzi aliahidi rejista zote saba zitakuwa zimesafishwa kabla ya mwezi kuisha, kisha akaniita kunieleza kile alichokwisha kukiahidi.

Niliiandika programu kwa siku mbili, na niliiona nzuri. Ilisoma rejista nzima, na ilipokuta mistari miwili yenye jina moja, namba moja ya nyumba na mwaka mmoja wa kuzaliwa, iliamua huyo ni mtu mmoja, ikaubakisha mstari mpya na kuufuta wa zamani. Buruburu nilifuata kila kitu alichonifundisha Oduor. Karani alisoma orodha yote. Hakukuwa na kosa hata moja, kila jina lilikuwa la mtu aliyepoteza kadi. Nikaenda zahanati ya pili, kisha ya tatu, nazo ziko katika mitaa ya namna ile ile, nyumba yenye geti lake na familia yake. Orodha zikatoka safi. Mkurugenzi akaanza kuniita kwa jina langu la kwanza.

Hapa ndipo hasira yangu hukaa, na si hasira kwa mkurugenzi, ni kwangu mwenyewe. Mimi ni Mkamba. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa kike jina la nyanya. Ndugu watano wakioa, unaweza kupata wajukuu watano wenye jina moja, na kama babu alibatizwa, nao hubatizwa jina lile lile. Katika ukoo wetu tuko wanne tunaoitwa Petro Mutisya. Mmoja anaitwa Mutisya wa dukani, mmoja Mutisya mweusi, mmoja Mutisya wa mama Ndinda, na mimi ni Mutisya wa Nairobi. Nimeishi na jambo hilo tangu kuzaliwa. Nimewahi kuchapwa shuleni kwa kosa la Mutisya wa dukani. Na mtu huyo huyo ndiye aliyeketi akaiambia mashine kwamba jina moja katika nyumba moja ni mtu mmoja.

Huko Mathare namba iliyoandikwa kwenye rejista haikuwa ya nyumba. Ilikuwa ya ploti, na ploti moja ilikuwa na vyumba kumi, kumi na tano, vya familia zilizoitana kutoka kijiji kimoja, ndugu akimleta ndugu. Ama miaka ya kuzaliwa, wengi hawakuijua kwa hakika, karani alikadiria na kuandika mwaka unaoishia na sifuri au tano. Jina, ploti, mwaka. Ningeketi dakika tano tu na kufikiri ningeliona hilo. Sikuketi.

Nilifika kwa Bi Zainabu mchana, zahanati imejaa. Nilinakili rejista kwenye tepu nikaisoma, hilo nililifanya. Nikaendesha orodha, na printa ikaichapa kwa maandishi yaliyofifia kama ya penseli iliyofutwa, maana riboni yake ya wino ilikuwa imekauka. Orodha yenyewe ilikuwa ndefu mara tatu kuliko ya Buruburu. Hata urefu huo haukunishtua. Nilijiambia huku watu wanapoteza kadi zaidi.

Bi Zainabu aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza karibu na miwani, akaitua. "Mwanangu, haya siyaoni. Tuache mpaka kesho, nikaombe riboni Makadara, niisome kwa nafasi."

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili siku hiyo. Nilimwambia Bi kwamba programu ni ile ile ya Buruburu na haijakosea popote. Nilimwambia atie sahihi tu kwenye daftari, nami kesho asubuhi nitamletea orodha imechapwa vizuri aisome.

"Humu kuna watu wanafanana majina," akasema.

"Inaangalia na nyumba pia, Bi."

"Nyumba," akarudia, kana kwamba analipima neno lenyewe. Kisha akachukua kalamu. "Haya. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Daftarini nilikuwa nimekwisha kuandika: orodha imesomwa na karani. Akatia sahihi yake chini ya maneno hayo, nami nikaiendesha kazi. Ilichukua muda wa kunywa chai. Kesho yake sikupeleka orodha. Nilikwenda Makadara, keshokutwa yake Kariobangi, na kwa kuwa tepu zilikuwa mbili tu, nakala ya Mathare niliifuta kwa nakala ya Kariobangi. Kabla ya mwezi kuisha rejista zote zilikuwa safi. Ripoti ikaenda kwa wafadhili, barua ya pongezi ikarudi, ikabandikwa ubaoni.

Kila Jumatatu seva ilichapa majina ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokosa kuja kuchukua dawa, na sista aliwafuata nyumbani mmoja mmoja. Wale mnaojua ugonjwa huo mnajua kwamba dawa za siku hizo zilinywewa miezi minane, na mgonjwa akimaliza miwili huona nafuu akadhani amepona. Sista alikuwa ndiye anayewarudisha. Mgonjwa ambaye jina lake halikutoka Jumatatu hakufuatwa.

Ilipita miezi miwili na kitu. Siku hiyo nilikuwa kwa Bi Zainabu, nimeinama chini ya meza yake nikibadilisha waya wa kibodi. Akaja mama mja mzito kupimwa, akatoa kadi. Bi alisoma jina, akafurahi. Alimwambia kwamba alikuwa na wasiwasi naye kwa kutomwona kwenye dawa, hata akamtafuta kwenye rejista, akamkuta mzima na mimba yake, moyo ukatulia.

"Alhamdulillahi," akasema, "naona kifua kimekuacha."

"Kifua gani?" mama akauliza.

"Si ulikuwa ukinywa vidonge hapa? Agnes Kalondu."

"Si mimi, Bi. Huyo ni Agnes yule mwingine, wa baba mdogo. Tunakaa ploti moja. Huyo siku hizi hata kuamka haamki. Anauliza mbona sista aliacha kumtembelea."

Nilikaa chini ya meza ile muda mrefu kuliko waya ulivyohitaji. Niliona miguu ya Bi Zainabu ikisimama. Aliniita kwa jina langu, mara moja, bila kupaza sauti. Nilipotoka alikuwa anaonyesha skrini kwa kidole. Agnes Kalondu alikuwa mmoja tu, mwenye mimba. Yule wa dawa hakuwepo, wala tarehe zake, wala idadi ya vidonge alivyokwisha kunywa, ni kana kwamba hakuwahi kupita mlango ule.

Bi Zainabu alimwita sista, wakateremka bondeni saa ile ile. Mimi nilisema nabaki nitafute nakala. Nilijua hakuna nakala. Niliichomeka tepu mashineni, nikaitoa, nikaichomeka tena, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kwenda kumwona mtu niliyemfuta. Walimbeba Agnes hadi barabarani, akapelekwa hospitali kubwa. Dawa za mwanzo hazikumsaidia tena. Alifariki kabla mwezi haujaisha. Alikuwa na umri wangu.

Kuanzia siku ile Bi Zainabu aliketi na penseli na vitabu vyake vya zamani, na pale vitabu vilipokoma, kichwa chake, akawa anawaandika upya watu wote aliodhani mashine iliwaunganisha. Alikwenda kwa herufi. Akina Agnes, akina Beatrice, akina Daudi. Alituma watu kwenye ploti kuuliza. Aliwarudisha wengi, na wawili kati yao walikuwa wagonjwa wa kifua walioacha dawa, wakaanzishwa upya wakapona. Alikuwa amefika herufi ya J alipoitwa makao makuu.

Chumbani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza, mkurugenzi katikati, na daftari la Mathare mbele yake, kamba bado imening'inia. Tuliketi mimi na Bi Zainabu upande mmoja, viti viwili vimekaribiana. Mkurugenzi alimsomea maneno yale, orodha imesomwa na karani, akamwuliza kama sahihi ni yake.

"Ni yangu."

"Na uliisoma?"

"Sikuisoma."

Akamwuliza inakuwaje mtu mzima anatia sahihi kitu asichokisoma. Bi Zainabu aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja, kama alivyokuwa akiningoja zamani nimwonyeshe kitufe kinachofuata. Alidhani ni zamu yangu kusema, na ilikuwa zamu yangu. Mkurugenzi pia akanigeukia, akauliza kama fundi ana la kuongeza.

"Sina," nikasema.

Alifukuzwa siku ile ile. Baada ya hapo hakuna aliyeendelea na kazi yake ya penseli. Karani mpya hakuwajua watu, na mkurugenzi hakutaka rejista ivimbe tena. Wengi huko waliandikwa bila jina la ubatizo, na nyinyi mnajua majina ya Kikamba yanaanza na herufi zipi. Akina Kalondu, akina Mutua, Mwende, Mutinda, Ndunge, Syombua, wote wako baada ya J. Kama kulikuwa na wengine waliopotea humo sijui, na kutojua huko sikukutafutia dawa.

Mkurugenzi sikumsamehe, ingawa hakunilazimisha kuongopa. Alijua. Mtu anayeuliza kwa sauti ile huwa anajua jibu analolitaka. Tulifaa kuwa pamoja, yeye alikuwa na ripoti ya kulinda na mimi nilikuwa na kazi, na kati yetu alikaa mama mmoja aliyetuita wanangu. Vile vyeo nilivyosema sitavitaja, cha kwanza kilikuja mwaka uliofuata.

Oduor alipata habari huko Kisumu. Alipopita Nairobi alikuja kwangu, akakataa kuketi. Alisema alianzisha daftari lile ili fundi akikosea, karani awe na mahali pa kusimama, na mimi nimelitumia kumsukuma karani shimoni. Nilianza kumweleza kuhusu riboni. Aliondoka nikiwa bado nazungumza.

Baadaye, shirika likiwa tayari linayumba, niliandika barua ya kuwapelekea makao makuu. Nilieleza kila kitu, maneno yaliyoandikwa kabla ya kusomwa, orodha niliyoahidi kuileta, tepu niliyoifuta. Niliichapa vizuri, nikaenda nayo Pumwani. Bi Zainabu alikuwa amekaa mlangoni akishona kofia, miwani ile ile. Alinikaribisha, akamwambia binti yake Rukia alete chai. Nilimpa barua. Hakuipokea, akaniuliza kama nimekwisha kuipeleka.

"Bado, Bi. Nilitaka uisome kwanza."

Alitua kofia magotini. "Leo ndiyo unataka nisome kwanza." Kisha akaichukua sindano tena. "Ipeleke, mwanangu. Mimi sina la kuongeza."

Sikuipeleka. Sababu nilikuwa nazo, hakuna mwoga asiye na sababu: mtoto alikuwa anaanza shule, mke wangu alikuwa mgonjwa, mkurugenzi alikuwa likizoni. Shirika likafungwa, na barua ikawa haina wa kupelekewa. Nilihamia kwenu, mkanifanya mtu wa kuwafundisha wageni tahadhari, na mnakumbuka nilivyokuwa mkali. Mliniita mchawi kwa kuwalazimisha kusoma nakala mnazohifadhi, na kwa kukataa kazi iliyokubali kwenye seva moja ipelekwe kwenye nyingine kabla ya kuangalia hii nyingine ina nini ndani yake. Mlidhani ni uzoefu. Basi endeleeni na utaratibu ule, lakini jueni kwamba sikushindwa na utaratibu. Niliujua wote kwa moyo siku ile. Niliandika kwamba mtu amesoma kitu ambacho hakukisoma, na hakuna programu itakayowazuia kufanya hivyo.

Bi Zainabu alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Niliambiwa na mlinzi wa zamani, nikaenda Pumwani. Nilikuta wanaume wamerudi kutoka makaburini, wamekaa kwenye mikeka nje, nikakaa nao. Nilipoaga, Rukia alitoka mlangoni. Sasa ni mama mtu mzima, na miwani yake inafanana na ya mama yake. Nikampa pole.

"Mama alikuwa akikutaja sana," akasema. "Akituambia wewe ndiye uliyemfundisha kompyuta, na hukumcheka hata siku moja alipoogopa. Ahsante sana kwa kuja."

Watu walikuwa wamepungua. Hakuna aliyekuwa na haraka, na yeye alikuwa amesimama akinitazama, ananingoja niseme.

"Alikuwa mwepesi wa kujifunza," nikasema.